Benchi Moja kwa Mama Wawili

Ukitaka kumjua mwanaume wako ni mtu wa namna gani, usimwangalie kanisani, wala usimwangalie siku anapokuvisha pete. Nenda naye kununua viti. Mimi Ngalula, mwalimu wa biolojia, ninayevumilia wanafunzi sitini darasani bila kupandisha sauti, nilipandisha sauti mara tatu katika Jumamosi moja mbele ya karakana ya papa Chola. Na mara zote tatu niliyempigia kelele ni Symphorien, mtu ninayempenda kuliko watu wote.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa rundo la maranda, mikono mfukoni, akiniangalia kwa yale macho yake ya upole yanayonimaliza nguvu. Akiniangalia hivyo husahau nusu ya maneno niliyopanga kumwambia, na hilo nalo lilinizidishia hasira.

"Hii kiti iko muzuri," alisema, akipapasa kiti kimoja chekundu chenye mgongo mrefu. "Ikala kwanza."

"Siwezi kuikala."

"Ju ya nini?"

"Ju iko mukula."

Huku Lubumbashi kila mtu anaujua mukula, ule mti mwekundu ambao ukikatwa hutoa utomvu kama damu. Nilifundisha miaka miwili kijijini Kasomeno. Nilipofika, msitu ulianzia nyuma ya shule. Nilipoondoka, ilikuwa lazima utembee asubuhi nzima kuupata mukula wa kivuli, na malori yalikuwa bado yanapita. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba sitakalia mukula maisha yangu yote, na mimi nikishasema mbele ya watoto nimesema. Symphorien, ambaye kazi yake ni malori, akanijibu kwa sauti ya kunibembeleza kwamba mti huu umeshakufa na hautafufuka kwa sababu Ngalula amekataa kuukalia. Hapo ndipo nilipopandisha sauti mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya plastiki. Alisema kama mbao zinaleta matata, tukodi viti vya plastiki, vyepesi, vinaoshwa, kila mtu anakodi. Kila mtu anakodi, ndiyo, kwa ajili ya kilio. Mtu akifa Lubumbashi, kabla maiti haijafika nyumbani, viti vya plastiki vimeshapangwa barabarani. Mama yangu akiona kiti cha plastiki anauliza nani amekufa. Nimwalike mama yangu aje kumpima mchumba wangu, kisha nimkalishe kwenye kiti cha kilio?

Maana hivyo viti vilikuwa vya mama. Baba yangu alishafariki, na kwetu sisi wa Kasai neno la mwisho juu yangu lilibaki kwa mama peke yake. Mama hapimi mwanaume kwa sebule. Anasema sebule inadanganya, mwanamke haishi sebuleni, anaishi nyuma ya nyumba, kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, na kamba ya nguo, na hapo ndipo mwanaume anapojulikana kama alimfikiria mkewe au hakumfikiria. Kwa hiyo alitoa sharti. Jumamosi ijayo atakuja nyumbani kwa Symphorien, atakaa nyuma ya nyumba saa moja kamili, kisha atasema ndiyo au hapana.

Na nyuma ya nyumba ya Symphorien hakukuwa na hata kigoda. Wala ndani hakukuwa na kitu. Ile nyumba ya mtaa wa Golf aliipanga zamani biashara yake ilipokuwa inakwenda vizuri, na ilikuwa na makochi, meza, kila kitu. Halafu mwezi wa kwanza vita viliingia Goma. Depo yake ya huko ilivunjwa, na kwa wiki mbili hakujua mama yake yuko hai au la. Alipompata, amekwama mpakani upande wa Uganda, aliuza makochi na meza na vitanda ili amfikishe Lubumbashi. Huyo mama yake, mama Kyakimwa, alishuka kwenye gari na thermos ya chai mkononi na nguo alizovaa. Sasa wanakula wamekaa kwenye mikeka, yeye na mama yake, katika nyumba ya vyumba vitano.

Mama yangu aliposikia hayo yote hakuguna. Aliniuliza tu, "Muntu mwenye kwabo kunaungua, atakuchunga namna gani?"

Ndiyo maana nilihangaika na viti kama mtu aliyerogwa.

Mara ya tatu kupandisha sauti ilikuwa juu ya mkaratusi, ambao angalau watu huupanda kabla ya kuukata. Symphorien alikalia kiti cha mti huo, akanyanyuka haraka, akasema tutaweka mto. Nikamuuliza kama anajua mama yangu ana nyonga mbovu, kama anajua kukaa saa moja kwenye ubao ulionyooka hivyo ni adhabu, na kama kuna kitu chochote duniani ambacho yeye hawezi kukitatua kwa mto.

Papa Chola, fundi mwenyewe, mtu mzima mwenye penseli sikioni, alituacha tupigane mpaka tukachoka. Kisha akasema kwa utulivu kwamba katika miaka thelathini ya useremala ameona wengi, na wanaogombana kwa viti huwa wanaoana, wa kuogopwa ni wale wanaokubaliana kwa kila kitu. Akaingia nyuma, akarudi amebeba ubao wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo.

"Jakaranda," alisema. "Ule wa mujini, wa ku avenue, dhoruba iliuangusha miaka mbili sasa. Hakuna muntu aliukata, mwalimu. Mupepo njo uliukata. Niliukausha polepole, hautajikunja."

Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa na kiti kimoja cha mfano, mgongo umeinama kidogo nyuma, kiti kimechimbwa kidogo pale mwili unapoomba nafasi. Nilikaa, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yangu yalishuka. Hakipaki vernis ya kung'arisha mbao, alisema, anasugua nta ya nyuki tu. Tukakubaliana viti vinne: cha mama yangu, cha mama Kyakimwa, na viwili vyetu.

Ilibaki kipimo. Mama yangu na mimi tuna miguu ya urefu mmoja, kwa hiyo papa Chola alimpa Symphorien kamba, akageuka kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Symphorien akapiga magoti kwenye maranda mbele yangu. Alipitisha kamba nyuma ya goti langu, akaishusha polepole mpaka kisiginoni, na hakuondoa mkono. Nilikuwa bado nimekasirika, lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Alinyanyua macho, akaona, akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Ngalula, lazima nikuambie kintu moja," alisema chinichini. "Mama yako akikatala, sitabakia. Mama yangu haiko na muntu hapa. Kaka yangu iko Kampala, nitamupeleka kule, na nitaikala naye."

"Na miye?"

"Siwezi kukubeba bila baraka ya mama yako. Miye nilishaona namna mama analia mutoto. Sitamufanyia mama mwengine vile."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile Jumamosi si ya kumpima, ni ya kumpata au kumpoteza. Nilimwambia anyanyuke, watu wanatuangalia. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikamwachia yeye amalizane na fundi, nikapanda teksi. Kumwachia yeye amalizane na fundi, hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Jumamosi iliyofuata nilifika saa nane, saa nzima kabla ya mama. Nyuma ya nyumba palikuwa pamefagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Kamba ya nguo ilikuwa mpya. Mbabula mbili zilikuwa zimepangwa chini ya paa dogo ambalo alilijenga mwenyewe, ili mvua isinikute nikipika. Nikaanza kutabasamu. Kisha nikaona.

"Biti ine iko wapi?"

"Njo hii," alisema Symphorien.

"Hii iko benchi."

Ilikuwa benchi moja, ndefu kama mita tatu, yenye mgongo ulioinama, yenye mikono miwili mwanzo na mwisho, imesuguliwa nta mpaka mishipa ya mbao inaonekana. Kusema kweli, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile nyuma ya nyumba ya mtu, na uzuri wake ulinitia wazimu.

Alianza kunieleza haraka haraka, kama mwanafunzi anayetetea jibu lake. Papa Chola alipopima mbao aliona viti vinne vitaacha vipande vingi vya kutupa, lakini benchi ingemaliza mbao zote. Na mimi si ndiye ninayesema kila siku mti usitupwe? Na nyumbani kwao, kwenye ukuta wa jiko, palikuwa na benchi moja, na mama wa bibi harusi akija anakalishwa katikati, huku wa upande wa mume, huku wa upande wa mke.

Nilishika kichwa kwa mikono miwili.

"Symphorien. Kwetu mukwe na mama ya bibi yake habaikale kiti moja."

"Hata tukiachana mita mbili?"

"Hata kilometa mbili. Kama ni ubao moja, ni kiti moja. Hata kiti mukwe alishaikalia, mama hawezi kuikalia tena. Iko heshima. Mutoto ya miaka saba anajua."

"Mutoto ya kwenu," alisema. "Weye haukuniambia."

"Haukuuliza!"

"Nitauliza namna gani kintu sijui kama iko?"

Alikuwa na haki, na hakuna kinachochosha kama mwanaume mwenye haki saa nane na nusu mchana. Nilimuuliza jambo moja tu, kama ameshaikalia. Akakuna shingo. Akasema fundi alimlazimisha kujaribu mgongo kama unashika vizuri, akakaa kidogo tu, labda dakika mbili.

Nilikuwa bado natafuta la kufanya nilipomsikia mama langoni. Mama yangu hajawahi kuchelewa mahali ambapo ungeomba achelewe. Aliingia na kitenge chake cha bluu, mkongojo kwapani maana hapendi watu wauone, akapita sebule bila kuitupia jicho, akatokea nyuma. "Moyo wenu," alisalimia, kama tunavyosalimiana kwetu. Mama Kyakimwa alitoka jikoni na thermos, akainama kidogo kwa heshima, akamkaribisha akae.

Mama aliiangalia benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaigusa mbao kwa kidole. Kisha akamgeukia Symphorien, akamwangalia usoni kama alivyofanya siku ya kwanza nilipomleta.

"Weye kijana, ulishaikala hapa?"

Nilimkazia macho Symphorien. Nilimwomba kwa kila mshipa wa uso wangu. Neno moja tu, hapana, na mambo yamekwisha. Mama atakaa, chai itamiminwa, sisi wawili tutabaki tumesimama, na dakika zake mbili hakuna atakayezijua isipokuwa papa Chola, ambaye hana umbea.

"Ndiyo, mama," alisema. "Nilijaribu kama itakuwa muzuri ku mugongo yenu. Sikujua kama iko mubaya. Mutanisamehe."

Kweli, kuna watu walizaliwa kwa ajili ya kututesa sisi wengine.

Mama alitikisa kichwa mara moja, akasimika mkongojo chini, akabaki amesimama.

Ile saa moja iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya Kasomeno. Nilikimbia kwa jirani nikarudi na viti viwili vya plastiki, mama akavitazama akasema hakuja kilio. Mama Kyakimwa alipoona mgeni wake hakai, naye akanyanyuka. Nilimsihi akae, amechoka, miguu yake ilikuwa bado imevimba kwa safari. Akasema yeye hawezi kukaa mama mwenzake akisimama, kwao ni aibu. Kwa hiyo tulikuwa na benchi nzuri kuliko zote Lubumbashi, na mama wawili wagonjwa wa miguu wamesimama pande zake mbili, wakinywa chai. Nilijisikia kuipiga teke.

Tena mama aliacha kabisa kumsemesha Symphorien. Alizunguka nyuma ya nyumba akichechemea, akagusa kamba ya nguo, akaangalia paa la mbabula, na kila alilotaka kujua aliniuliza mimi, hali mwenyewe yuko hatua mbili kutoka kwake. "Muulize nani alijenga hii paa." "Muulize maji inatoka saa ngapi." "Muulize huu muti alikatia wapi." Symphorien alijibu, na mama alisubiri mpaka mimi nirudie jibu kama vile hakulisikia. Macho yake hayakumgusa tena usoni, yalibaki chini kwenye viatu. Nilimjua mama yangu. Hivyo ndivyo anavyomfanyia mtu aliyemfuta.

Symphorien naye aliona. Nilimwona akiona. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, akashika ule mkono wa mbao, akasema bila kumwangalia mtu.

"Mama yangu alitembea siku ine. Ku kila kona bantu balikuwa banaachana, huyu huku, huyu kule. Ba jirani yake hajue beko wapi mpaka leo. Nilisema, kama ninafanya fasi ya kuikala, ikuwe fasi moja, tukuwe bote pamoja. Njo ile tu nilikuwa nawaza."

Mama Kyakimwa aligeuza uso ukutani. Mama yangu aliendelea kuangalia viatu vya Symphorien, kisha akatazama saa yake, akasema imetosha, saa imetimia, nimsindikize.

Nilimshika mkono tukatoka. Langoni miguu yake ilikuwa inatetemeka, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wangu. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba mwanaume yule aliuza hata kitanda chake kwa ajili ya mama yake, na ataondoka kwenda Kampala, na ataondoka kwa sababu anakuheshimu wewe, mama, wewe uliyekataa hata kumjibu. Nilimwambia kwamba angeweza kukaa. Dakika tano tu. Ubao ni ubao. Nilikuwa nalia kama mtoto aliyenyimwa sukari, mbele ya dereva wa teksi aliyekuwa akimngoja mama, na sikujali.

Mama alingoja nimalize. Kisha akapangusa uso wangu kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, mpaka ikauma.

"Ngalula, ulisoma mingi lakini hauone. Nilikuya na hapana mu kinywa. Nilimuuliza kama alishaikala. Angenidanganya, ningeikala pale pale, nikunywe chai yake, niende, ju muntu wa bure unaikalaka naye, hakuna shida. Alisema kweli." Alishusha pumzi, akashika nyonga. "Kutoka pale ulisikia nimemusemesha tena? Nilimuangalia tena mu macho? Nani tunamufanyiaka vile, kwetu?"

Niligeuka nikaiangalia nyumba.

"Mukwe," alisema mama. "Nilisimama saa nzima na hii nyonga yangu ju iko mukwe wangu. Sasa fungua mulango ya teksi niikale."

Nilimfungulia. Alijitupa kwenye kiti cha nyuma, akafumba macho, akaguna kwa raha. Teksi iliondoka.

Nilirudi nyuma ya nyumba nikikimbia. Mama Kyakimwa alikuwa ameingia ndani, nilisikia akikunja mikeka, akijiandaa kwa safari nyingine. Symphorien alikuwa amekaa mwisho wa benchi, viwiko magotini, uso ndani ya viganja. Aliposikia hatua zangu hakunyanyua kichwa. Aliniuliza tu kama mama yangu amekataa kabisa.

Nikakaa karibu naye, bega kwa bega, kwenye ubao uleule. Mimi nilikuwa na ruhusa.